Bob Moog: Fundi Aliyeuza Jina Lake

Kuna ugonjwa mmoja unawasumbua sana wenye vinanda vya kielektroniki vya miaka ya 1970. Unawasha mashine, unabonyeza noti ya do, inatoka do safi kabisa. Unaenda zako kuchemsha chai. Ukirudi baada ya robo saa, kibonyezo ni kilekile, kidole ni kilekile, lakini do imeshahama. Si do tena, na bado haijafika kuwa noti nyingine; imekaa katikati huko kama abiria aliyeshushwa njiani. Unazungusha kitufe cha kurekebisha, inarudi. Unapiga wimbo mmoja, inahama tena.

Mtu aliyeuleta ugonjwa huu duniani aliishi nao, akalaumiwa kwa ajili yake, na akatumia miaka mingi kuutafutia dawa. Anaitwa Robert Moog, wengi wakimwita Bob. Ukitaka kulitamka jina lake sawasawa, zile o mbili za katikati ni o moja ndefu, wala si u. Mwenyewe alilitamka hivyo maisha yake yote, na watu wakalikosea maisha yake yote. Tutaona huko mbele kwamba kulitamka ndiyo ilikuwa shida ndogo kuliko zote alizozipata na jina hilo.

Inawezekana hujawahi kumsikia, ila kazi yake umeisikia. Lile besi nene la kinanda kwenye nyimbo za fanki za Marekani, lile linalotetemesha kioo cha daladala, ni lake. Na wale wenzetu wa hosteli wanaotengeneza biti usiku kucha kwenye laptop wakakunyima usingizi, ndani ya programu zao kuna chujio la sauti ambalo mara nyingi limeigwa kutoka kwenye mchoro wake wa miaka ya 1960.

Piano juu, lehemu chini

Alizaliwa Mei 23, 1934, jijini New York, akakulia Flushing, eneo la Queens. Baba yake, George, alikuwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Consolidated Edison, na akirudi kazini alikuwa na karakana yake ya redio nyumbani. Mama yake alikuwa na mpango mwingine. Alitaka mtoto awe mpiga piano wa kutajika, akampeleka kwenye masomo ya piano miaka na miaka. Basi mtoto akalelewa na piano upande mmoja na harufu ya lehemu upande wa pili. Mtaani hakuwa mtu wa makundi. Alikuwa mpole, mwenye aibu, wale wanafunzi ambao wenzao huwaona hawana mambo.

Akiwa na umri wa miaka 14 hivi aliunda theremin yake ya kwanza kwa kufuata mchoro uliotolewa kwenye gazeti la elektroniki. Theremin ni ala iliyobuniwa Urusi mwaka 1920 hivi na mwanafizikia Lev Termen. Unaipiga bila kuigusa. Ina antena mbili. Mkono mmoja ukiusogeza karibu na antena ya kwanza sauti inapanda, mkono wa pili kwenye antena nyingine unaongeza au kupunguza ukubwa wake. Siri yake ni kwamba mwili wa binadamu, ukikaribia antena, unabadilisha kidogo uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, na mabadiliko hayo madogo ndiyo yanageuzwa kuwa noti. Kijana anayejifunza umeme kwa ala ya namna hiyo anajifunza somo moja mapema: katika saketi za sauti, kitu kidogo kabisa kinasikika.

Alisoma shule ya sekondari ya sayansi ya Bronx, kisha fizikia Queens College na uhandisi wa umeme Columbia. Mwaka 1954, bado mwanafunzi, yeye na baba yake walianzisha kampuni ndogo, R.A. Moog, ya kuuza theremin. Akaendelea na shahada ya uzamivu Cornell, na hapo ndipo wanachuo wenzangu mnaolalamika kuchelewa kumaliza mnaweza kupata faraja. Januari 1961 aliandika makala kwenye gazeti la elektroniki kuhusu theremin ya transista, akaanza kuuza vifaa ambavyo mteja anajiunganishia mwenyewe. Ziliuzwa kama 1,000. Huku ana mke, watoto wanakuja, tasnifu inasubiri. Alihitimu mwaka 1965, na kufikia wakati huo kile kilichokuja kumpa jina kilikuwa tayari kimeshatoka karakanani.

Majira ya joto ya 1964

Mwishoni mwa mwaka 1963, kwenye mkutano wa walimu wa muziki huko Rochester, Moog alikuwa na meza yake ya kuonyesha theremin. Akapita mwalimu na mtunzi wa muziki, Herbert Deutsch, wakaanza kuzungumza. Wakati huo muziki wa kielektroniki ulikuwa kazi ya kukata na kugundisha tepu. Mtunzi alirekodi mlio mmoja kutoka kwenye mashine ya maabara, akapima utepe kwa rula, akaukata kwa wembe, akaunganisha na kipande kingine. Dakika moja ya muziki ilimaliza wiki. Deutsch alitaka kitu ambacho mwanamuziki anaweza kukipiga.

Majira ya joto yaliyofuata, Deutsch alikwenda kwenye karakana ya Moog huko Trumansburg, mji mdogo wa jimbo la New York, wakakaa kama wiki mbili tatu. Wazo lililotoka hapo ukilieleza leo linaonekana jepesi: usimwachie binadamu kuzungusha kila kitufe, acha umeme ukizungushe. Osileta, yaani saketi inayotoa wimbi la sauti, iongozwe na volti. Ukiongeza volti 1, sauti ipande oktava moja. Ukubwa wa sauti nao uongozwe na volti. Baadaye chujio nalo. Ukishafanya hivyo, saketi yoyote inaweza kuiongoza nyingine kwa waya tu, na kinanda kinakuwa chombo cha kupeleka volti mahali zinapotakiwa.

Kisa kimoja cha wakati ule kinamweleza vizuri. Deutsch alikuwa anahangaika namna ya kuifanya noti ianze na kuisha kama noti ya piano, badala ya kulia mfululizo kama king'ora. Moog akaagiza kitufe cha kengele ya mlangoni kutoka duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa jirani, akakiunganisha na kapasita na rezista. Ukibonyeza, kapasita inajaa. Ukiachia, inapungua taratibu, na sauti inapungua nayo. Hadi leo karibu kila sinthesaiza ina saketi inayofanya kazi hiyo.

Oktoba 1964 alipeleka vifaa vyake kwenye mkutano wa wahandisi wa sauti New York na kuanza kupokea oda. Hakuwa amepanga kuwa kiwanda. Aliendelea kuwauliza wanamuziki wanataka nini, kisha akarudi mezani. Hapo ndipo alipotofautiana na wahandisi wengi: sikio la mteja alilihesabu kuwa chombo cha kupimia, sawa na osiloskopu.

Nyuzijoto moja

Sasa turudi kwenye ule ugonjwa, maana ndio moyo wa habari hii.

Sikio linasikia kwa kuzidisha. Kutoka oktava moja hadi ya pili idadi ya mitetemo inakuwa mara mbili, halafu mara mbili tena. Kwa hiyo ukitaka volti 1 iwe sawa na oktava 1, unahitaji saketi ambayo ukiipa ongezeko lilelile la volti inauzidisha mkondo mara mbili kila safari. Bahati nzuri transista inafanya hivyo kwa tabia yake. Ukiongeza kama milivolti 18 kwenye mlango wake, mkondo unakuwa mara mbili. Moog aliitumia tabia hiyo, na ilikuwa akili kubwa.

Bahati mbaya transista hiyohiyo ni kipimajoto. Joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, ile volti ya mlangoni inateleza kama milivolti 2. Hebu piga hesabu. Oktava moja ndani ya transista ni milivolti 18, oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo nusu-toni moja ni milivolti 1.5. Nyuzi moja tu ya joto inatosha kuihamisha noti zaidi ya nusu-toni! Ukifungua dirisha, ukiwasha taa za jukwaani, ukimpumulia tu kwa karibu, ameshahama.

Dawa ya kwanza ni kuweka transista mbili zinazofanana tabia, moja ikiteleza juu ya pili iteleze chini, zifutane. Lakini lazima ziwe mapacha wa kweli na zikae pamoja ili zipate joto moja. Hata zikifutana, inabaki kasoro ya theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzijoto kwenye nafasi ya oktava. Ndiyo maana kinanda kikongwe kinaweza kuwa sawa katikati na kibaya pembeni: noti za jirani zinakubaliana, za mbali zinagombana.

Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa albamu ya muziki wa Bach aliyoipiga yote kwa mashine ya Moog. Ilishangaza dunia na kupata tuzo tatu za Grammy. Wasikilizaji hawakujua jasho lililokuwa nyuma yake. Mashine ilitoa noti moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila sauti ilirekodiwa peke yake na kulazwa juu ya nyingine, na kila baada ya muda mfupi ilibidi asimame, apime, arekebishe, arudie, kwa sababu osileta zilikuwa zinahama. Carlos alikuwa mkali kwa Moog kuhusu makosa ya mashine, na Moog alikuwa anamsikiliza. Mabadiliko mengi yalitokana na malalamiko hayo.

Lakini mwingine naye alikuwa anasikiliza. Alan Pearlman, mhandisi aliyewahi kufanya kazi za vifaa vya safari za anga, alianzisha kampuni ya ARP mwaka 1969, na silaha yake kubwa ilikuwa osileta zisizohama. Aliweka transista zote mbili kwenye kipande kimoja cha silikoni, zikawa mapacha walioungana kabisa, joto lao moja. Hapo ugonjwa ukageuka kuwa suala la soko. Moog alikuwa na sauti nzuri, mpinzani wake alikuwa na noti iliyotulia.

Upande wa chujio mambo yalikuwa kinyume. Chujio la Moog lilisajiliwa kwa hataza mwaka 1969. Ni ngazi ya transista: jozi juu ya jozi, ngazi nne, na kapasita kati ya jozi. Kila ngazi inapunguza sauti za juu kidogo, zote nne zinapunguza desibeli 24 kwa oktava. Ukiizungusha huku inapiga, sauti inafunguka na kufunga kama mdomo. Chujio hilo lilikuwa zuri kiasi kwamba ARP nao walitoa linalofanana nalo mno, hadi wakalazimika kulibadili.

Mashine iliyotoka kwenye taka

Mashine zake za kwanza zilikuwa makabati yaliyojaa vitufe na nyaya, zikigharimu maelfu ya dola. Kuzihamisha ilikuwa kama kuhamisha nyumba. Mwisho wa miaka ya 1960 soko lilianza kukauka. Kila mtu alitaka kuiga albamu ya Bach, zikatoka albamu nyingi mbovu, studio zikaacha kununua. Kampuni ikawa na madeni na mafundi wa Trumansburg wakaanza kuhofia mishahara yao.

Mmoja wao, Bill Hemsath, alikuwa na tabia ya kupekua vipande vilivyotupwa darini: moduli zilizoharibika, kinanda chenye kasoro, visanduku visivyo na kazi. Saa za mapumziko alivikusanya na kuviunganisha ndani ya sanduku moja, nyaya zote zikiwa ndani, ili mtu awashe na kupiga. Hicho ndicho kilikuja kuwa Minimoog. Mwanzoni Moog hakuwa na hamu nacho. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi walisukuma kazi ya kutengeneza toleo la kuuza wakati bosi yuko safarini, akarudi na kukuta mambo yameshakwenda. Toleo hilo, Model D, lilianza mwaka 1970, vibonyezo 44, osileta tatu, bei karibu dola 1,500. Hadi lilipokoma mwaka 1981 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 12,000.

Sauti yake nene ilichangiwa na kosa. Hesabu moja kwenye saketi ilikosewa, mawimbi yakaingia kwenye chujio kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, chujio likalemewa kidogo. Kosa lilipogunduliwa, masikio yao yaliwaambia waliache. Na osileta tatu, zikihamahama kila moja kivyake kwa kiasi kidogo sana, zinapopigwa pamoja zinasuguana na kutoa uhai ambao osileta tatu zilizonyooka kabisa hazina. Ugonjwa uleule, ukiwa kwa dozi ndogo, ukawa ndiyo ladha.

Nani alifaidi? Hapa ndipo pachungu. Minimoog ilikuja kuokoa kampuni, lakini haikuokoa kwa ajili ya Moog. Mwaka 1971, madeni yakiwa shingoni, aliiuza kampuni kwa mfanyabiashara Bill Waytena, ikahamia karibu na Buffalo. Mwaka 1973 ikauzwa tena kwa Norlin, kampuni kubwa ya vyombo vya muziki. Moog akabaki humo kama mwajiriwa ndani ya jengo lenye jina lake, akiwa na sauti ndogo juu ya kinachotengenezwa. Mkataba wake ulipoisha mwaka 1977 aliondoka, mwaka uliofuata akahamia milimani North Carolina. Jina hakuondoka nalo. Kisheria, Moog kwenye kinanda lilikuwa mali ya watu wengine. Duka lake jipya aliliita Big Briar.

Namna ya kuutafuta ugonjwa

Huko Big Briar aliunda theremin na vifaa vya oda maalumu. Nje, dunia ilikuwa inahama. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, kinanda cha kidijitali kisichohama noti hata ukikiweka juani. Watu waliuza Minimoog zao kwa bei ya kutupa au wakazisukuma chini ya kitanda. Moog Music yenyewe ilifilisika kabla muongo haujaisha. Halafu miaka ya 1990 watu wakaanza kuzitafuta tena, na kazi ya kuzifufua ikawa ujuzi wa kweli. Ni vizuri kueleza kazi hiyo inafanywaje, kwa sababu ndani yake ndimo unamwona Moog alivyofikiri.

Tuseme umeletewa Minimoog, mwenyewe anasema haitulii. Kwanza chomoa umeme, kumbuka kapasita kubwa zinaweza kubaki na chaji, na sehemu ya umeme wa ukutani si ya kuchezea. Halafu pima chanzo cha nguvu. Mashine hii inaishi kwa volti 10 chanya na volti 10 hasi. Kama hizo zenyewe zinayumba, kila kitu kitayumba, na utapoteza siku nzima ukilaumu osileta isiyo na kosa. Kapasita za elektroliti zilizokauka kwa umri zinaleta muungurumo wa chini. Hizo ndizo za kwanza kubadilishwa.

Kama nguvu ni safi, tumia swichi za mikisa kusikiliza osileta moja moja. Hapa mantiki inafanya kazi kuliko multimita. Osileta ya 1 na ya 3 zikiwa zimetulia na ya 2 inahama, basi chujio, amplifaya na chanzo cha nguvu vimeshajitoa kwenye orodha ya watuhumiwa, maana vyote hivyo wanavitumia pamoja. Kama zote tatu zinahama kwa pamoja na kwa kiasi kilekile, acha osileta, rudi kwenye wanavyoshirikiana. Kama tatizo ni sauti kukwaruza unapozungusha vitufe, huo ni uchafu kwenye vile vizungushio ambavyo mafundi redio wetu huviita volyumu. Safisha kabla ya kununua. Bodi za ndani zimechomekwa kwa miguu ya shaba, nazo zikipata kutu mawasiliano yanakatikakatika. Mashine nyingi zilizohukumiwa kufa zilikuwa zinahitaji kusuguliwa tu.

Ukishabanwa kwenye osileta moja, tumia joto lilelile linaloisumbua. Mafundi hupuliza dawa ya kupozea kwenye kipuri kimoja huku wakisikiliza. Ukipuliza rezista, kimya. Ukipuliza kapasita, kimya. Ukipuliza transista fulani, noti inaruka. Umempata. Usiweke transista yoyote iliyokuwa dukani. Pima kadhaa, chagua pacha, zibane pamoja. Matoleo ya baadaye ya Minimoog yalikwenda mbali zaidi, transista zake zinapashwa joto makusudi na kushikiliwa hapohapo ili hali ya hewa ya chumba isiwe na la kusema.

Mwisho ni kuisubiri. Iache mashine iwake nusu saa au zaidi ndipo uguse skrubu za kurekebisha oktava. Ukiirekebisha ikiwa baridi, umerekebisha mashine nyingine, siyo ile itakayopigwa.

Na kuna jambo ambalo fundi mzuri halifanyi: habadilishi kila kitu. Ukiondoa vipuri vyote vya zamani ukaweka vipya vilivyonyooka, mashine itapona na sauti itakufa. Inabidi uamue kasoro ipi ni ugonjwa na ipi ni tabia, na hakuna kipimo cha uamuzi huo isipokuwa sikio. Moog alijenga mashine zake kwa sikio, na zinatengenezwa kwa sikio.

Jina kurudi

Kati ya mwaka 1984 na 1988 Moog aliajiriwa na Kurzweil, kampuni ya vinanda vya kidijitali. Hakuwa mzee wa kulia kwamba zamani ndiyo kulikuwa kuzuri. Alishiriki katika teknolojia ileile iliyozika yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifundisha chuo kikuu cha North Carolina, Asheville. Lakini wanamuziki waliendelea kumfuata, wakitaka mashine yake, na yeye akawa katika hali ya ajabu kabisa: ana uwezo wa kuitengeneza, hana ruhusa ya kuiita kwa jina la baba yake. Wengine walikuwa wamejitokeza kudai jina hilo baada ya kampuni ya zamani kufilisika, na kulipata tena kulihitaji wanasheria, fedha na uvumilivu.

Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Polar huko Sweden. Mwaka 2002 alishinda haki ya kulitumia jina nchini Marekani, Big Briar ikawa Moog Music, na mwaka huohuo akatoa Minimoog Voyager. Sauti ilikuwa ile ya analogi, chujio lilelile la ngazi, lakini noti zimetulia. Miaka 38 ilikuwa imepita tangu Trumansburg. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Alilitumia jina lake miaka mitatu tu. Aprili 2005 alikutwa na uvimbe kwenye ubongo, na Agosti 21 mwaka huohuo akafariki nyumbani kwake Asheville akiwa na miaka 71. Hakuacha utajiri wa kulingana na athari yake. Aliacha kiwanda kidogo, michoro, na maelfu ya mashine zilizotawanyika duniani, nyingine zikiendelea kuhama noti hadi leo.

Nimeandika haya kwa sababu katika idara zetu tunafundishwa vizuri kuchora saketi mpya, na tunafundishwa kidogo sana kuketi mbele ya iliyoharibika. Pita kwenye stoo ya maabara yoyote uone osiloskopu zilizobandikwa karatasi ya mbovu, amplifaya za ukumbi zinazokoroma, kinanda cha kwaya kisicholia noti tatu. Vingine ni vya kutupa kweli. Vingine vinasubiri mtu wa kuchomoa bodi, kusugua miguu yake ya shaba, na kusikiliza. Minimoog ilianza hivyohivyo, kijana mmoja darini na vipande ambavyo wenzake walishavikatia tamaa.

Na wale mnaofikiria kuanzisha kampuni mkiwa bado mnasoma, someni pia ile sehemu ya 1971. Moog alijua transista inateleza milivolti ngapi kwa kila nyuzijoto. Kwenye mkataba aliotia saini kuuza kampuni yake, jina alilipima nyuma sana, na lilimchukua zaidi ya miaka 30 kulirudisha mahali pake.